Maswali ya Wasomaji: Figa Moja la Jirani

Barua za mwezi huu kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zinazunguka jambo moja. Kwa nini mtu mwenye chama chake anampa kura ya urais mgombea wa chama kingine? Au kwa nini anampa rais wa chama chake, kisha mbunge anamchukua kwa jirani? Tumechagua barua saba, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Baba yangu ana kadi ya CCM tangu kabla sijazaliwa. Mwaka 2010 alimpa kura Kikwete, na ubunge akampa Sugu wa CHADEMA. Nilimuuliza sababu, akasema "kila sufuria na mfuniko wake." Mimi naona ni kutojielewa. Ninyi mnasemaje? — Msomaji, Uyole, Mbeya

Tunasema mzee alijielewa vizuri. CCM huomba kura za "mafiga matatu", yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, kwa hoja kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Ni kaulimbiu nzuri, lakini kituoni mpiga kura hupewa karatasi tatu, na kila karatasi ina kazi yake. Anayezijaza kwa vyama tofauti kwa kawaida hajachanganyikiwa. Amegawa lawama na shukrani kulingana na nani anahusika na nini.

Chukua mkulima wa mahindi wa Mbozi au Mbeya Vijijini. Serikali ilipozuia kuuza mahindi nje mwaka 2017, bei ilishuka shambani, na uamuzi ule haukutoka kwa diwani wala kwa mbunge. Hiyo ni hesabu ya rais. Ruzuku ya mbolea nayo hupangwa kitaifa, na bei ya kununulia ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula vilevile. Lakini ushuru wa mazao unaokatwa kizuizini ni wa halmashauri. Hadi mwaka 2017 kiwango kilikuwa asilimia 5. Bajeti ya mwaka huo ikakishusha hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaondolewa ushuru unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima akiendelea kukatwa ushuru kwa gunia tano, mtu wa kumhukumu ni diwani, kwa sababu ndiye anayekaa kwenye baraza la madiwani. Kwa hiyo mtu mmoja, siku moja, anaweza kumshukuru rais kwa mbolea, kumnyima diwani kwa ushuru, na kumpima mbunge kwa kipimo cha tatu kabisa: anasema nini bungeni, na anaonekana jimboni lini.

Sababu ya pili haizungumzwi hadharani ila kila mwanachama anaijua: kura za maoni. Ndani ya CCM kura za maoni hupendekeza tu. Vikao vya juu ndivyo vinavyoteua, na vina ruhusa ya kumwacha aliyeongoza. Iringa Mjini mwaka 2010 Frederick Mwakalebela aliongoza kura za maoni, chama kikamsimamisha Monica Mbega, na jimbo likachukuliwa na Peter Msigwa wa CHADEMA. Katika hali kama ile mwanachama aliyekerwa ana njia tatu. Ya kwanza ni kumeza. Ya pili ni kubaki nyumbani, na hapo chama kinapoteza kura zote tatu. Ya tatu ni kwenda kituoni, kumpa rais wa chama chake, na kuutoa ubunge kama adhabu. Njia hii ya tatu humgharimu mwanachama kidogo kuliko zote, maana akirudi kwenye kikao cha tawi bado ni mwanachama wa kweli: rais wake alimpa. Wanamtandao wa aliyekatwa hawahitaji kuhama chama ili kumwangusha aliyeteuliwa. Kulegea kunatosha: hawampeleki bibi kituoni kwa bodaboda, hawagawi kadi za nyumba kumi, hawakeshi.

Sababu ya tatu ni kumfuata mtu. Julai 2015 Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2005 hadi 2008, alitoka CCM akaenda CHADEMA na kugombea urais kwa mwavuli wa UKAWA, muungano wa CHADEMA, CUF na vyama vingine vya upinzani. Mwezi uliofuata akaja Frederick Sumaye, Waziri Mkuu wa miaka kumi ya Mkapa. Waliowafuata hawakubadili itikadi. Walikwenda na mtu wao. Na upande wa pili wapo wana-CHADEMA waliosusa, akiwemo Dk. Slaa mwenyewe, mgombea wao wa urais wa 2010, kwa sababu mtu waliyemsema kwa miaka ndiye aliyeletwa kuwa mgombea wao. Kiongozi akivuka mto na mizigo yake, daraja hutumika pande zote mbili.

Ipo pia sababu ya nne, ya wale wanaotaka serikali ya chama fulani ila wawe na mtu wa kupiga kelele bungeni. Kwa maoni yetu hii husemwa zaidi kuliko inavyotendwa. Wengi huigundua baada ya kura, ili kuipamba sababu ya pili.

Kamwene wahariri. Hapa barazani kwetu tunabishana. Mwenzangu anasema mwaka 2010 mamilioni ya wana-CCM walihamia CHADEMA, na 2015 wakaongezeka. Ushahidi anaoutoa ni asilimia za Kikwete: 80 mwaka 2005, 62 mwaka 2010, kisha Magufuli 58. Ana haki? — Msomaji, Kihesa, Iringa

Kamwene. Asilimia zake ni sahihi (80.28, 62.83 na 58.46), na jibu lake si sahihi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mazungumzo ya kura zinazovuka chama, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Acheni asilimia, shikeni idadi ya kura.

Mwaka 2005 Kikwete alipata kura milioni 9.12. Mwaka 2010 alipata milioni 5.28. Zimepungua takriban milioni 3.85. Sasa angalieni CHADEMA: Freeman Mbowe mwaka 2005 alipata takriban laki 6 na 70 elfu, na Dk. Slaa mwaka 2010 alipata milioni 2.27. Zimeongezeka milioni 1.6. CUF nayo, chini ya Profesa Lipumba mara zote mbili, ilishuka kutoka milioni 1.33 hadi takriban laki 7. Kwa hiyo hata mkifanya kila kura mpya ya CHADEMA iwe imetoka CCM (na haiwezekani, maana nyingine zilitoka CUF na nyingine kwa vijana waliopiga kura mara ya kwanza), bado zinabaki kura zaidi ya milioni 2.2 za Kikwete ambazo hazikwenda CHADEMA.

Zilikaa nyumbani. Mwaka 2005 walipiga kura watu kama milioni 11.9. Mwaka 2010, ingawa daftari lilikuwa limeongezeka hadi watu milioni 20 na ushee, waliojitokeza walikuwa milioni 8.6 tu. Mtu ambaye hakwenda kituoni hakuvuka chama. Alizima moto, akaacha mafiga.

Mwaka 2015 mambo yaligeuka, na mwenzako ndipo anapoteleza zaidi. Magufuli alipata asilimia ndogo kuliko Kikwete wa 2010, lakini kura zake zilikuwa milioni 8.88, yaani CCM iliongeza milioni 3.6. Lowassa alipata milioni 6.07. Ukizijumlisha za Slaa na Lipumba za 2010 unapata karibu milioni 3, hivyo upande wa UKAWA nao uliongeza milioni 3.1. Kambi zote mbili zilikua kwa pamoja, kwa sababu waliopiga kura walipanda hadi milioni 15.6. Ndani ya ongezeko hilo wamo waliovuka, bila shaka, ila jumla ya taifa haiwezi kukuonyesha ni wangapi. Ndugu yako anaona ndoo mbili zimejaa, halafu anasema moja imemwagiwa kwenye nyingine.

Kwa ajili ya baraza lenu: kabla ya kuuliza kwa nini watu wamevuka, ulizeni maswali mawili ya awali. Je, waliopiga kura ni wengi au wachache kuliko uchaguzi uliotangulia? Na je, wagombea walewale wa vyama vilevile walikuwepo kwenye karatasi? Swali la pili ndilo linalofanya mwaka 2025 usifae kabisa kwa hesabu hii, kwa kuwa CHADEMA haikuwa na mgombea. Mwaka 2020 nao uutumie kwa tahadhari, kwa sababu vyama vikuu vya upinzani viliyakataa matokeo yenyewe. Na mkilinganisha mahudhurio, msitegemee sana asilimia ya walioandikishwa. Daftari hubaki na majina ya waliofariki na waliohama mpaka liboreshwe, kwa hiyo hesabu yenyewe ya asilimia ina kasoro.

Nilikuwa wakala wa chama kituoni. Nina nakala za fomu za matokeo za vituo vinne vya kata yetu. Nawezaje kujua ni wangapi waligawa kura zao kati ya rais na mbunge? — Wakala, Mafinga

Swali zuri, na vifaa unavyo. Fomu Namba 21A ni ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Kila kituo hujaza zake baada ya kuhesabu, ndiyo maana hizi ni bora kuliko matokeo ya jimbo ambayo yamekwisha kuchanganywa.

Anza kwa kulinganisha jumla. Kura halali ukijumlisha na zilizokataliwa, fomu zote tatu za kituo kimoja zinapaswa kukaribiana sana, kwa sababu watu ni walewale. Zikipishana kwa kura moja au mbili, huenda mtu aliondoka na karatasi mfukoni. Zikipishana kwa kumi au ishirini, usiendelee na hesabu. Kuna kosa la kujumlisha, au karatasi zilizotumbukizwa kwenye sanduku lisilo lake hazikurudishwa mahali pake, na chochote utakachokipata kitakuwa uongo wenye desimali.

Tuseme zimelingana. Huu ni mfano wa kubuni wa kituo chenye wapiga kura 400. Kwenye urais chama A kimepata 210, B 170, zilizokataliwa 20. Kwenye ubunge A 160, B 225, zilizokataliwa 15. Watu wengi watasema haraka, "hamsini wamevuka, 210 toa 160." Si hivyo. Hao 210 waliompa A urais, kwenye ubunge wangeweza kubaki A wasiozidi 160, na wengine hadi 15 karatasi zao zingeweza kukataliwa. Kwa hiyo wanaolazimika kuwa wamevuka kutoka A kwenda B ni 210 toa 160 toa 15, yaani 35. Hicho ndicho kiwango cha chini, na ndicho pekee unachoweza kukiapia.

Kiwango cha juu kinashangaza. Hakuna kitu katika fomu hizo kinachokataza wote 210 wa A kwenda B kwenye ubunge, na 160 wa B kwenda A. Hesabu ingefunga vilevile. Yaani waliogawa kura wanaweza kuwa 35 au 370, na fomu haisemi. Bila shaka 370 ni upuuzi kwa akili ya kawaida, lakini uone jinsi fomu moja inavyoficha. Waliovuka kutoka kushoto na kulia hufutana, na wewe unaona tofauti iliyobaki tu.

Ndiyo maana vituo vinne vya kata moja ni faida. Fanya hesabu ya kiwango cha chini kwa kila kituo peke yake, kisha jumlisha. Usijumlishe kura kwanza halafu ukahesabu, kwa sababu kituo kilichovuka kwenda B kitafutwa na kilichovuka kwenda A. Halafu ilete 21C. Ukikuta A amepata 210 urais, 160 ubunge, kisha 205 udiwani, umepata jambo. Waliovuka hawakuwa na ugomvi na chama, walikuwa na ugomvi na mgombea ubunge mmoja. Ikishuka hatua kwa hatua, 210, 160, 120, hapo shida ni ya chama pale mtaani. Na zilizokataliwa zikiwa nyingi kwenye urais kuliko ubunge, usikimbilie kusema ni kura za hasira. Tazama idadi ya wagombea. Karatasi ya urais yenye majina mengi huharibiwa zaidi kwa bahati mbaya. Mwaka 2010 wagombea urais walikuwa 7, na mwaka 2020 walikuwa 15.

Jambo moja usilifanye: kutafuta ni kina nani. Fomu inasema kata, haisemi nyumba.

Shikamooni. Ninasoma kidato cha sita. Mwalimu alitaja kwamba Marekani kuna watu waliompigia Obama mara mbili kisha wakampigia Trump. Inawezekanaje, wakati vyama vyao viko mbali hivyo? Ndaga. — Mwanafunzi, Tukuyu

Marahaba. Inawezekana, na walikuwa wengi kiasi cha kugeuza majimbo. Mwaka 2016 majimbo sita yaliyokuwa ya Obama mwaka 2012 yalikwenda kwa Trump: Florida, Iowa, Michigan, Ohio, Pennsylvania na Wisconsin. Katika matatu kati ya hayo, Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, ushindi wake kwa jumla ulikuwa wa kura zipatazo 78,000. Ukishuka ngazi ya kaunti, 206 zilimpa Obama 2008 na 2012, kisha zikampa Trump. Kaunti ya Howard huko Iowa, eneo la mahindi na soya, ilimpa Obama ushindi wa pointi zaidi ya 20 na miaka minne baadaye ikampa Trump ushindi wa pointi zaidi ya 20.

Ushaona onyo letu kwa msomaji wa Kihesa: kaunti kugeuka si lazima watu walewale wamegeuka. Wengine walibaki nyumbani, wapya wakaja. Lakini waliogeuka kweli walikuwa na sura inayofahamika. Ni wafanyakazi wasio na shahada, wa miji iliyopoteza viwanda, ambao walikuwa Democrats kwa sababu ya vyama vya wafanyakazi na mishahara, huku kwenye uhamiaji na mila wakiwa karibu na Republicans. Mtu anayevutwa na kamba mbili namna hiyo anaweza kukaa chama kimoja miaka ishirini, mradi uchaguzi unazungumzia kamba ya kwanza. Uchaguzi ukihamia kwenye kamba ya pili, anahama bila kubadili wazo hata moja. Kilichobadilika ni swali aliloulizwa. Kaunti ya Macomb, Michigan, ilipata umaarufu kwa watu wa aina hiyo tangu walipompa Ronald Reagan kura miaka ya 1980.

Usidhani hata hivyo kuwa kampeni ndizo zinazowahamisha. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuata watu walewale wa Kaunti ya Erie, Ohio, wakiwahoji mara kwa mara kuanzia Mei hadi Novemba. Waliogeuzwa na kampeni kutoka mgombea mmoja kwenda mwingine walikuwa takriban 8 kati ya 100. Wengi kampeni iliwakumbusha tu walikotoka.

Kuna jambo jingine litakalokusaidia kwenye mtihani. Kugawa kura kati ya rais na mbunge, ambako hapa kwetu ni jambo la kawaida, kwao kumekauka. Mwaka 1984 Reagan alishinda majimbo 49 kati ya 50, na bado Democrats wakabaki na wingi katika Baraza la Wawakilishi. Majimbo ya uchaguzi takriban 190 kati ya 435 yalichagua rais wa chama kimoja na mwakilishi wa kingine. Mwaka 2020 yalikuwa 16. Zamani palikuwa na Democrats wahafidhina wa kusini na Republicans wa mrengo wa kati wa kaskazini mashariki, kwa hiyo mpiga kura angeweza kuvuka chama bila kuvuka imani yake. Vyama vilipojipanga upya kila kimoja upande wake, daraja hilo likavunjika.

Na kujiandikisha chama kwao ni jambo la majimbo fulani tu, tena hakumfungi mtu. West Virginia iliwapa Republicans urais katika kila uchaguzi kuanzia mwaka 2000, lakini katika daftari walioandikishwa kama Democrats waliendelea kuwa wengi hadi mwaka 2021. Kadi huchelewa kuliko moyo, hata huko.

Hapa mpakani tunawasikiliza wa Nakonde wakijigamba na asilimia 50 jumlisha moja. Je, hiyo inawafanya wavuke vyama zaidi yetu? — Mfanyabiashara, Tunduma

Inabadili hesabu, ila si kwa namna wanavyofikiri wengi. Zambia ilirudisha sharti hilo, kwamba rais apate zaidi ya nusu ya kura, kwa marekebisho ya katiba ya 2016. Panapokuwa na duru ya pili, mpiga kura wa chama kidogo hana haja ya kuvuka mapema. Anampa wa kwake kwanza, kuvuka atavuka baadaye. Kwetu, tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000, anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye rais hata asipofikisha nusu. Kwa hiyo mpenzi wa chama kidogo anayetaka kura yake ihesabike lazima avuke siku ileile. Vyama vya UKAWA kusimamisha mgombea mmoja mwaka 2015 ilikuwa njia ya kuwapunguzia watu wao uamuzi huo.

Mwaka 2021 Hakainde Hichilema alimshinda Edgar Lungu, rais wa wakati huo, kwa asilimia 59 dhidi ya 38.7, duru ya pili haikuhitajika, na Copperbelt na Lusaka zilikwenda naye. Tena bungeni waliingia wabunge 13 wasio na chama. Hiyo ndiyo tofauti kubwa zaidi kati ya Tunduma na Nakonde: mwana-chama wa upande wao aliyekatwa jina anaweza kugombea peke yake, na watu wake wakampa bila kugusa chama cha pili. Katiba yetu inamtaka kila mgombea awe wa chama. Hasira ileile upande huu haina mlango isipokuwa wa chama kingine. Tunduma, Momba na Mbozi zote zilichukuliwa na CHADEMA mwaka 2015, na tunaamini kukosekana kwa mlango huo ni sehemu ya maelezo.

Tukichagua mbunge wa chama tofauti na cha rais, barabara yetu itaachwa? — Mkulima wa parachichi, Njombe

Kisheria, hapana. Mfuko wa Jimbo, kwa sheria ya mwaka 2009, hupewa kila jimbo na mbunge wake ndiye mwenyekiti wa kamati, awe wa chama chochote. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA na maji vijijini chini ya RUWASA, vyombo vya serikali kuu ambavyo havimsubiri mbunge. Kiutendaji, mbunge wa chama tawala humfikia waziri kwa urahisi zaidi, na kukanusha hilo ni kujidanganya. Lakini mtu akikuambia jukwaani kwamba hela haitakuja kabisa, anakutisha. Mwambie akuonyeshe kifungu cha bajeti.

Mimi ni mama wa vikoba, nina kadi ya chama. Nimeambiwa nikimpa kura mtu wa chama kingine kadi yangu itafutwa, kwamba "watajua". Pia mara iliyopita nilitaka kugawa kura nikakosea, nikaweka alama zote sehemu moja. Nifanyeje? — Mama, Makambako

Mama, shikamoo. Hawatajua. Daftari la wapiga kura halina safu ya chama, na karatasi ya kura haina jina lako. Mawakala wa vyama hukaa kituoni lakini hawaingii kwenye kituturi. Njia ambazo watu hujulikana ni mbili, na zote wanajifungulia wenyewe: wanasimulia, au wanapiga picha karatasi kwa simu ili wampelekee aliyewaahidi hela. Simu iache nyumbani au kwenye kapu.

Makosa ya wanaogawa kura mara nyingi hutokana na kukariri nafasi. Mtu anafundishwa "wa pili kutoka juu", kisha anaweka alama ya pili kutoka juu kwenye karatasi zote tatu. Lakini vyama vilivyosimamisha mgombea urais si lazima viwe ndivyo vilivyosimamisha diwani wa kata yako, kwa hiyo orodha hazilingani. Mwenye kujaza chama kimoja husaidiwa na nembo. Wewe unayegawa, nembo inaweza kukupoteza, kwa kuwa jicho hukimbilia ile uliyoizoea. Soma picha na jina kwanza, nembo baadaye.

Ukipewa karatasi, hakikisha ziko tatu na zina muhuri nyuma. Kituturini usizitandaze zote. Ziweke rundo, toa moja, weka alama ya vema kwenye kisanduku cha mmoja tu, ikunje, ndipo utoe ya pili. Anza na ile unayotaka kuvuka nayo, wakati kichwa bado kimetulia. Ile ya chama chako mkono utaikumbuka wenyewe. Usiandike jina, sahihi wala neno lolote, hata la pongezi, maana karatasi inayomtambulisha aliyeijaza hukataliwa.

Jua pia kwamba karatasi ya ubunge ina kazi mbili. Mbali na kumchagua mbunge, kura za ubunge za nchi nzima ndizo zinazotumika kugawa viti maalumu vya wanawake, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5. Ya urais haiingii humo. Kwa hiyo ukivuka kwenye ubunge kwa sababu ya mtu mmoja, umekipa chama chake sehemu ndogo ya viti hivyo pia. Huenda ndilo unalolitaka, huenda silo.

Na ukikosea kabla ya kutumbukiza, usifute wala usikate kwa mstari. Irudishe kwa msimamizi wa kituo, mwambie imeharibika, atakupa nyingine. Hana ruhusa ya kukuuliza ulikuwa unataka kumpa nani.